Mafahali Wawili Zizi Moja: Ukikuta Repo Ndani ya Repo

"Kaka, folda ya tovuti ipo lakini haifunguki."

Ujumbe huo niliupata Ijumaa moja jioni kutoka kwa kijana niliyewahi kumfundisha kazi ya programu. Alikuwa ameajiriwa karibuni, akakabidhiwa mradi wa mwenzake aliyehama kazi mwezi mmoja kabla. Aliukloni kutoka GitHub, akaufungua kwenye kompyuta yake, akakuta folda ya `seva` imejaa mafaili kama inavyotakiwa, na folda ya `tovuti` tupu kabisa. Akarudi kwenye ukurasa wa GitHub. Folda inaonekana, ina kijialama cha mshale, lakini ukiibonyeza, kimya. Miezi minne ya kurasa, fomu na picha haikuwapo. Na ofisi nzima iliamini kazi iko salama, maana kila jioni walimwona mwenzao akisukuma.

Nilimwambia aandike amri hii:

`git ls-files --stage tovuti`

Ulikuja mstari mmoja tu. Ulianza na 160000, kisha namba ndefu ya herufi na tarakimu 40, kisha jina la folda. Hapo nikajua hakuna sababu ya kulaumu mtandao. Mafaili hayakupotea njiani, kwa kuwa hayakuwahi kuanza safari.

Git huitambua repo kwa kitu kimoja: folda iliyofichwa iitwayo `.git`. Humo ndimo inamokaa historia yote, matawi yote, komiti zote. Sasa repo ya nje inapopita folda kwa folda ikikusanya mafaili, ikifika kwenye folda yenye `.git` yake, inasimama mlangoni. Inaona zizi lina fahali tayari, haiingii. Inachofanya ni kuandika katika daftari lake kwamba mahali hapa pana repo nyingine, na kwa sasa imesimama kwenye komiti yenye namba fulani. Basi. Faili la kawaida huandikwa kwa alama 100644, faili la kuendeshwa 100755, na repo ya ndani 160000. Repo ya nje inashika namba ya mwenzake, haishiki mali yake. Ukilielewa hilo, vituko karibu vyote nitakavyovieleza hapa havitakushangaza.

Watu huingiaje kwenye shimo hili? Mara nyingi kwa msaada wa zana zenyewe. `ng new` ya Angular, `create-next-app` ya Next.js na `create-expo-app` ya wanaotengeneza programu za simu huanzisha Git bila kukuuliza. Zana hizi zina adabu kidogo: zikikuta tayari ziko ndani ya repo, huacha. Tatizo ni mpangilio wa maisha yetu. Kijana anaanza na ukurasa wa mbele, kwa kuwa ndio unaompa raha. Wiki mbili baadaye anakumbuka anahitaji seva, anatengeneza folda kubwa, anahamishia ile ya kwanza ndani, anaandika `git init` kule juu. Zizi la pili limeshajengwa kulizunguka la kwanza, na zana haikuwapo kumzuia.

Git yenyewe hupiga kelele. Tangu toleo 2.14 la mwaka 2017, ukiandika `git add` juu ya folda ya namna hiyo hukutolea onyo refu, na linasema wazi kwamba watakaokloni repo ya nje hawatapata yaliyomo ndani wala hawatajua pa kuyatafuta. Lakini ni onyo tu, halizuii kazi, na sisi tumezoea kuruka maonyo kama tunavyoruka masharti ya kampuni za simu. Ajabu ni kwamba ukikosea zaidi ndipo unapookoka. Kama repo ya ndani haijawahi kuwa na komiti hata moja, Git inakataa katakata na kukuambia folda hiyo haina komiti iliyofunguliwa. Huyo amebahatika, kwa sababu amelazimika kuuliza.

Kundi lingine ni la wanaotengeneza blogu kwa Hugo. Maelekezo rasmi ya Hugo yanakuambia uongeze mandhari kwa `git submodule add`. Mtu anaona amri ndefu, anaamua kukloni mandhari moja kwa moja ndani ya folda ya `themes`. Kwenye kompyuta yake blogu inang'aa. Akiipeleka Netlify au GitHub Pages ijengwe, inagoma, na ujumbe unasema hakuna anwani ya moduli hiyo ndani ya `.gitmodules`. Ni jambo lilelile: mtambo wa kujenga umekuta namba, umetafuta anwani ya kuifuata, haukuiona.

Na kuna la tatu, la aibu kidogo, ambalo mimi mwenyewe nimelifanya: kuandika `git init` ukiwa kwenye folda kuu ya nyumbani, pale penye picha, vitambulisho vilivyoskaniwa na kila kitu. Tangu siku hiyo kila mradi wako mpya ni repo ndani ya repo, na miradi isiyo na `.git` yake inahesabiwa kuwa mali ya repo ya nyumbani. Ukiona `git status` inakuorodheshea mafaili usiyoyajua, simama, usiandike `git add .`, bali andika `git rev-parse --show-toplevel`. Itakutajia folda ambayo ndiyo kichwa cha repo. Ikitaja folda yako ya nyumbani, na una hakika hukukusudia, ifute ile `.git` ya huko. Iliyo ya mradi usiiguse.

Kabla ya kurekebisha chochote, jibu swali moja: historia ya folda hii ni ya nani? Hapa sizungumzii mwandishi wa kodi. Swali ni nani mwenye kuamua lini ibadilike, nani anayeisukuma na kwenda wapi. Amri inategemea jibu hilo, na watu wengi niliowaona wakiharibu walianza na amri waliyoinakili mahali, jibu likaja baadaye.

Tuanze na jibu linalotokea mara nyingi zaidi: historia ni ya mradi mmoja, na ile `.git` ya ndani ni bahati mbaya. Hapa unamwondoa fahali mmoja. Lakini usikimbilie kufuta. Angalia kwanza alikuwa na nini:

`git -C tovuti log --oneline`
`git -C tovuti branch -a`
`git -C tovuti stash list`

Amri ya tatu watu huisahau. Kazi iliyowekwa kando kwa `stash` inaishi ndani ya `.git` hiyohiyo, na ukiifuta inakwenda nayo bila kwaheri. Matawi pia: waweza kukuta kwenye folda tawi moja limefunguliwa huku lingine lina kazi ya wiki nzima. Ukisharidhika, mimi nakushauri usifute, uhamishe:

`git rm --cached tovuti`
`mv tovuti/.git ../tovuti-historia.git`
`git add tovuti`
`git commit -m "Ingiza mafaili ya tovuti"`

Amri ya kwanza inaondoa ile namba kwenye daftari la repo ya nje, bila kugusa mafaili. Ya pili inatoa `.git` ya ndani na kuiweka nje ya mradi, ili ukijuta mwezi ujao uwe na pa kurudi. Ya tatu sasa inaingia zizini bila kupingwa. Kabla ya komiti hakikisha `.gitignore` ya ndani bado ipo, la sivyo utajikuta unaingiza `node_modules` nzima, na hapo utakuwa umetoka kwenye tatizo moja na kuingia jingine linalokula bando.

Baadhi ya watu hawataki kupoteza historia ya ndani, na wana haki. Miezi minne ya komiti ni ushahidi wa nani alifanya nini na kwa nini. Kwa hao kuna njia ndefu kidogo. Kamilisha komiti zote za ndani. Kwenye repo ya nje ondoa ile namba kwa `git rm --cached tovuti` na uikomiti hatua hiyo. Hamisha folda nzima nje ya mradi, kisha iite irudi pamoja na historia yake:

`mv tovuti ../tovuti-ya-zamani`
`git subtree add --prefix=tovuti ../tovuti-ya-zamani main`

Kama tawi lako linaitwa `master`, andika hivyo. Amri hii inataka repo ya nje iwe safi, bila mabadiliko yanayoning'inia, na folda ya `tovuti` isiwepo. Inaleta kile tu kilichokomitiwa, kwa hiyo faili lako la `.env` na mengine uliyoyaficha kwenye `.gitignore` hayatarudi. Yachukue kwa mkono kutoka folda ya zamani.

Jibu la pili ni kwamba hizi ni kazi mbili zisizohusiana, zinakaa pamoja kwa sababu ya mpangilio wa meza yako tu. Mfano una repo ya maandishi na nyaraka za kazi, na ndani yake umekloni miradi ya wateja watatu. Hapo huhitaji ujuzi wowote. Andika jina la folda ya ndani kwenye `.gitignore` ya nje, na kila fahali akae zizi lake. Kama namba ilishaingia kwenye daftari, `.gitignore` haitaiondoa, anza na `git rm --cached`. Tahadhari moja tu: `git clean -fd` inaiheshimu repo ya ndani na kuiruka, lakini ukiweka herufi f mara mbili, heshima imekwisha, na ukiongeza x hata zile ulizoziandika kwenye `.gitignore` hazisalimiki. Kuna watu wanaandika `git clean -ffdx` kwa mazoea. Kama ni wewe, zihamishe hizo folda leo.

Jibu la tatu ndilo lenye maneno mengi, nami nitakaa hapa kidogo: folda ya ndani ni mali ya watu wengine, au ya timu nyingine, na mradi wako unahitaji toleo lake mahsusi. Kwa ajili hiyo Git ina moduli ndogo, zilizokuja na toleo 1.5.3 mwaka 2007. Ukiandika

`git submodule add https://mahali/maktaba.git lib/maktaba`

Git inaandika namba ileile ya 160000, ila safari hii inaongeza faili la `.gitmodules` lenye anwani. Tofauti kati ya ajali ya yule kijana na mpango rasmi ni faili hilo moja. Namba ya 160000 ni ileile, na folda kwa atakayekloni ni tupu vilevile mpaka aijaze.

Ndiyo, tupu. Anayekloni repo yenye moduli ndogo kwa `git clone` ya kawaida hapati yaliyomo. Anatakiwa kuandika `git clone --recurse-submodules`, au kama amekwishakloni, `git submodule update --init --recursive`. Na akipakua ZIP kutoka GitHub hatapata kabisa, kwa kuwa ZIP haibebi moduli ndogo. Kwa hiyo amri hiyo iandike kwenye mistari ya juu kabisa ya faili la README, kabla hujasifu mradi wako. Wenye bando dogo waongezewe neno: si lazima kuleta zote. `git submodule update --init lib/maktaba` inaleta moja unayoihitaji, na `--shallow-submodules` wakati wa kukloni inaleta ncha ya historia badala ya historia nzima.

Sasa ingia ndani ya moduli ndogo na uandike `git status`. Itakuambia hauko kwenye tawi lolote. Hilo huwashtua wageni, lakini lina mantiki ukikumbuka kwamba repo ya nje imeshika namba ya komiti, haikushika jina la tawi. `git submodule update` inafungua komiti hiyo na kukuacha juu yake, kama abiria aliyeteremshwa kati ya vituo viwili. Kosa la kwanza ni kufanya kazi hapohapo: ukikomiti, komiti yako haina tawi la kuishikilia. Mwenzako akibadilisha namba, nawe ukaandika `update` tena, unahamishwa, na kazi yako inabaki nyuma bila jina. Kuipata tena kunawezekana kwa `git reflog` ukiwahi, ila usijiweke huko. Kabla ya kugusa herufi moja ndani ya moduli ndogo, andika `git switch main`.

Kosa la pili linahusu utaratibu wa kusukuma: ndani kwanza, nje baadaye. Ukikomiti ndani, ukarudi nje ukakomiti namba mpya, ukasukuma nje tu, umewatumia wenzako anwani ya nyumba ambayo bado iko kwenye kompyuta yako. Wao wataambiwa na seva kwamba komiti hiyo haijulikani. Utawasikia wakilalamika kwamba "umevunja repo" wakati kwako kila kitu kinakwenda. Dawa yake ni mpangilio mmoja:

`git config --global push.recurseSubmodules check`

Tangu hapo Git itakataa kusukuma repo ya nje kama kuna komiti ya ndani ambayo haijafika kwenye seva yake. Mimi naiweka kwenye kila kompyuta ninayoikalia. Kuna chaguo la `on-demand` linalosukuma zote mbili kwa pamoja, lakini napenda kuulizwa kuliko kufanyiwa.

Kosa la tatu ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halina ujumbe wowote wa hitilafu. Sikiliza linavyokwenda. Jumatatu mwenzako anaisogeza maktaba kwenye toleo jipya lililozibwa tundu la usalama, anasukuma. Jumanne wewe unavuta. Repo ya nje inapokea namba mpya, lakini folda ya ndani kwenye kompyuta yako bado iko kwenye komiti ya zamani, kwa kuwa `git pull` ya kawaida haiigusi. `git status` inakuonyesha maktaba "imebadilika". Wewe hukuibadilisha, lakini unaona ni jambo dogo. Unamaliza kazi yako, unaandika `git add .`, unakomiti, unasukuma. Umerudisha namba ya zamani. Tundu lililozibwa jana limefunguliwa leo, kwa jina lako, ndani ya komiti yenye ujumbe usemao umesahihisha tahajia ya ukurasa wa mbele. Hakuna atakayegundua mpaka kitu kiharibike.

Kinga ziko mbili na zote ni za mara moja:

`git config --global submodule.recurse true`
`git config --global diff.submodule log`

Ya kwanza inafanya kuvuta na kubadilisha tawi kwende pamoja na folda za ndani, ingawa moduli iliyoongezwa upya bado utaifungulia kwa `--init`, na kukloni hakumo katika mpangilio huo. Ya pili inabadilisha kile unachokiona katika `git diff`: badala ya namba mbili za tarakimu 40 zisizo na maana kwa jicho la binadamu, utaona orodha ya komiti zilizoingia au zilizotoka, na kama unarudi nyuma itaandika neno `rewind`. Ukiona neno hilo na hukukusudia, usikomiti. Na kwa faida ya timu yako, acha `git add .` kwenye mradi wenye moduli ndogo. Taja mafaili kwa majina.

Nitaje kwa haraka mengine. Kwenye `.gitmodules`, kama repo zote mbili ziko chini ya akaunti moja, tumia anwani ya kujirejelea kama `../maktaba.git`, ili anayetumia SSH na anayetumia HTTPS wote wafike. Kwenye GitHub Actions, hatua ya `checkout` haileti moduli ndogo mpaka uiandikie `submodules: recursive`, na kama moduli ni ya siri, tokeni ya kawaida haitafungua mlango wake, kwa sababu inahusu repo moja tu. Kuondoa moduli ni `git rm lib/maktaba`, lakini mabaki yake hukaa ndani ya `.git/modules`, ukitaka kuirudisha kwa jina lilelile na anwani nyingine utagombana nayo mpaka uyafute.

Usalama nao usiuone mdogo. Mwaka 2018 iligundulika kwamba jina la moduli ndani ya `.gitmodules` lingeweza kuandikwa kwa hila, na mtu akikloni pamoja na moduli, kodi ya mshambuliaji inaendeshwa kwenye kompyuta yake, Git 2.17.1 ikaziba. Mwaka 2024 likaibuka tundu jingine la jamii hiyo, lililowagusa wa Windows na macOS, likazibwa katika 2.45.1. Andika `git --version`. Na repo usiyoijua ikloni bila moduli kwanza, usome `.gitmodules` yake, kisha ndipo uamue.

Jibu la nne: kodi ya ndani ilitoka kwingine, lakini sasa mnailea wenyewe, mnaibadilisha kila wiki pamoja na mradi. Hapo moduli ndogo ni mateso, kwa sababu kila badiliko ni komiti mbili na sukuma mbili. Chukua `git subtree`, ileile niliyoitaja juu. Iliandikwa na Avery Pennarun mwaka 2009, na ikaingia ndani ya furushi la Git na toleo 1.7.11 mwaka 2012. Inaleta mafaili yenyewe, siyo namba. Anayekloni anapata kila kitu bila kujua kwamba kuna mgeni ndani, na kwa timu yenye watu wapya kila miezi mitatu hilo lina thamani kubwa. Ukiweka `--squash` historia ya mgeni inakunjwa kuwa komiti moja. Kuvuta mapya ni `git subtree pull`, na kurudisha marekebisho yako kwa mwenye asili ni `git subtree push`, ambayo kwenye repo yenye historia ndefu huchukua muda wa kutosha kuchemsha chai. Mradi wa lugha ya Rust unatumia njia zote mbili: LLVM wameiweka kama moduli ndogo, na Clippy na rustfmt wakaziingiza kwa subtree. Ni mfano mzuri kwa anayedhani lazima achague upande mmoja maisha yake yote.

Nikiulizwa mimi, timu nyingi ndogo ninazozijua hazihitaji lolote kati ya haya mawili. Maktaba ya watu wengine iletwe na npm, Composer au pip, ambazo hukuruhusu kufunga toleo kwenye faili na hazigombani na Git. Tovuti na seva zinazotengenezwa na watu walewale watatu ziwekwe repo moja. Wenye miradi mikubwa kuliko yetu wamefika hapo pia: LLVM walipohamia GitHub Oktoba 2019 waliunganisha miradi yao mingi katika repo moja. Na hao wa Mercurial, mfumo mwingine wa kutunza matoleo, walio na kitu chao cha repo za ndani, nyaraka zao wenyewe zinakiita njia ya kutumia pale njia nyingine zote zimeshindikana. Mtengenezaji akikuambia usitumie alichotengeneza mpaka ubanwe, msikilize.

Moduli ndogo nazitumia mahali pamoja kwa moyo mkunjufu: kodi ya wengine, nisiyoibadilisha, ambayo nataka ibaki kwenye komiti moja mpaka nitakapoamua mwenyewe kuisogeza. Mandhari ya Hugo ni mfano wake kamili.

Yule kijana nilimwambia ampigie simu mwenzake aliyehama. Mwenzake akasema kompyuta aliirudisha ofisini siku anaondoka. Ofisini wakasema imeshawekwa kwenye foleni ya kusafishwa ili apewe mwajiriwa mpya, na kazi hiyo ingefanyika Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Walimkuta mlinzi wa stoo bado hajafunga, wakaiwasha, na `tovuti` ilikuwamo, na `.git` yake, na komiti zote, pamoja na `stash` mbili ambazo hata mwenyewe alikuwa amezisahau.

Kwa hiyo kabla hujafunga kompyuta yako leo, ingia kwenye kila mradi wa ofisi na uandike:

`git ls-files --stage | grep ^160000`

Ikikaa kimya, nenda nyumbani. Ikitoa mstari wowote, na hakuna `.gitmodules` yenye anwani ya folda hiyo, mtafute mwenzako aliyeikomiti kabla kompyuta yake haijasafishwa.